Namna Bora ya Kufukiwa na Theluji

Kama wewe ni Mswahili unayeishi Calgary na wenzako wa kazini wamekualika Revelstoke wikiendi hii kuendesha pikipiki za theluji, hongera, umekubalika. Kazi iliyobaki ni kurudi Jumatatu ukiwa mzima, na mwongozo huu hauhusiki na hilo. Sisi tunakufundisha kwenda kwa madaha, kufukiwa bila bughudha, na kuishiwa mafuta mahali penye mandhari ya kupendeza.

Tuanze na fedha. Pikipiki mpya ya mlimani inapita dola 15,000 za Kanada, na hapo hujagusa trela, helmeti wala zile suti za rangi ya maembe mabivu. Bikoni, yaani kile kiredio kidogo kinachovaliwa kifuani ili mtu aliyefukiwa aweze kutafutwa, ni dola 500 hivi. Mwenye akili anaona hapo hapo pa kubana matumizi. Nunua ekzosi yenye kelele zaidi, bikoni utaazima. Ukikosa wa kukuazima, sema Mungu yupo. Na kweli yupo, naye ndiye aliyewapa watu akili ya kukubaliana kwamba bikoni zote duniani zitumie masafa ya kilohezi 457, ili ya Mswisi isikiwe na ya Mkanada. Yako iliyobaki dukani haitasikiwa na yeyote.

Njiani utapita Rogers Pass, kwenye barabara kuu ya Trans-Canada. Huko wanajeshi wa Kanada hupiga mlima kwa mizinga ya milimita 105, barabara ikiwa imefungwa, ili theluji iporomoke wakati wanaoutaka wao. Usishtuke. Jiambie kwamba mlima wa kupigwa mizinga ni huu wa barabarani tu. Wa kwenu, kilomita 70 mbele, umelelewa vizuri.

Kabla ya kulala, wenzako watafungua simu kusoma taarifa ya Avalanche Canada, shirika linalotoa makadirio ya hatari ya maporomoko ya theluji kwa madaraja, 1 hadi 5. Watasema kesho ni daraja la 3, na nyuso zitabadilika. Watulize. Sisi tuliosoma shule za kata tunajua kwamba 3 kwa 5 ni asilimia 60, na asilimia 60 ni kufaulu. Kasoro ya mtihani huu ni ndogo tu: wengi sana wa wanaokufa kwenye maporomoko hufa siku za daraja la 3 hilo hilo. Daraja la 5 kila mtu anabaki nyumbani na supu yake. La 3 ndilo linalompa mtu ruhusa ya kujidanganya.

Sasa bikoni, kama umeipata. Usiivae mwilini, inabana. Itupe kwenye begi, begi ulifunge nyuma ya pikipiki. Poromoko likija wewe utaelekea upande wako na pikipiki upande wake, na waokoaji watachimba kwa moyo wote hadi waikute pikipiki. Ukishikilia kuivaa, basi iweke mfuko mmoja na simu, zipigiane kelele, na uitilie zile betri ulizochomoa kwenye rimoti ya televisheni. Itakapofika zamu ya kumtafuta mwenzako, kundi zima litageuza bikoni kutoka kutuma mawimbi hadi kupokea. Wewe acha yako iendelee kutuma. Watu wazima wanne watafuata mshale mbio, wakihema, na kukukuta umesimama unatoa maelekezo.

Hapa natoka kidogo kwenye utani, maana kuna jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulielewa. Safari yangu ya kwanza nilipelekwa na Mtanga mmoja, mzee kuliko mimi, anayeishi Alberta tangu enzi za simu za kadi. Pale maegeshoni alinifungulia begi langu na kuanza kulipanga upya. Akatia beleshi la bati la kukunja. Akatia ufito wa vipande vipande ambao ukiurusha unajiunga wenyewe kuwa mrefu kama mita tatu, wa kuchoma theluji mpaka uguse mtu. Nikauliza, "Kaka, beleshi lote hili la nini, kwani tunakwenda kujenga?"

"La kunifukua mimi," akasema.

"Na la kunifukua mimi liko wapi?"

Akageuka akanionyesha mgongo wake. "Hili hapa. Ndiyo maana nakusihi usiniudhi."

Theluji iliyoporomoka ikishasimama hukaza kama zege. Aliyemo ndani hawezi kutikisa hata kidole, seuze kujichimbua kwa beleshi lake mwenyewe. Akitolewa ndani ya dakika kumi za mwanzo, nafasi ya kuishi ni kubwa. Zikifika thelathini, nafasi hiyo imeshaporomoka kuliko mlima. Helikopta haiwezi kufika ndani ya muda huo hata rubani akiwa shemeji yako. Kwa hiyo kila unachobeba ni cha mwenzako, na uhai wako umebebwa na jamaa ambaye asubuhi ulimcheka kwa begi zito.

Sisi watu wa bodaboda jambo hili linatupa tabu. Tumezoea helmeti ya abiria kuning'inia kwenye usukani, itolewe pale tu trafiki anapoonekana kwa mbali. Kwa mlimani fanya vivyo hivyo. Nunua beleshi la plastiki, linapendeza na ni jepesi. Litakatika kwenye bonge la tatu, lakini picha utakuwa umeshapiga. Ufito uache kwenye kifuko chake cha dukani na karatasi ya bei, usijaribu kuufungua nyumbani hata siku moja. Mtu aliye mita moja chini anakudai uhamishe theluji ya tani moja au zaidi, na hakuna wakati mzuri wa kusoma maelekezo ya Kijerumani kuzidi huo.

Lipo pia begi la puto. Unavuta mpini, puto linajaa hewa kwa kishindo, nawe unakuwa kitu kikubwa ndani ya mchafuko unaotembea, na vitu vikubwa huelekea kupanda juu, kama karanga kubwa zinavyokuja juu ukiutikisa mfuko. Linasaidia kweli. Halikuzuii kugonga mti wala kudondoka gengeni. Wewe nunua, halafu mpini ule wa kuvutia uache umefungiwa ndani ya zipu, kusudi usiharibike.

Turudi kwenye mafuta, mada ninayoipenda. Tangi la pikipiki ya mlimani linachukua lita 40 hivi. Kwenye njia iliyosawazishwa utakwenda nalo mbali. Kwenye theluji laini ya kiunoni, mashine ikipanda huku ikilia, litakunywa mara mbili au zaidi. Wenyeji hugawa mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la shari. Hesabu ya woga hiyo. Tumia hesabu ya daladala: nenda mpaka taa iwake, halafu nenda tena kidogo. Yakikata kabisa, ilaze pikipiki ubavu na kuitikisa, kama tufanyavyo na boda ili tone la mwisho liingie kwenye kabureta. Pikipiki hizi za siku hizi nyingi hazina kabureta, na zina uzito wa zaidi ya kilo 200, kwa hiyo utakuwa umeilaza tu. Na imelala kwenye theluji ya mita mbili. Mchana mwema.

Ukiamua kubeba dumu la akiba, lijaze likiwa juu ya trela, lisiguse ardhi, ili umeme tuli nao upate nafasi yake. Lijaze hadi mdomoni, petroli isibakiziwe pa kutanukia. Dumu maalumu la kufungwa kwa vishikizo nyuma ya kiti usilinunue, ni ghali. Lifunge kwa mipira ya tairi kama gunia la mkaa wa Chalinze, juu ya beleshi, ili anayelitaka beleshi afungue kwanza mafuta. Au libebe mgongoni. Lita kumi ni kilo saba na ushee, si mzigo wa kumshinda mwanamume, na zikivuja zitakuwa kwenye begi moja na chapati. Nimekula chapati hizo. Kwa saa nne nilikuwa nikicheua harufu ya sheli, na nilikaa mbali na wavutaji sigara kwa hiari yangu.

La kumimina nimelishuhudia kwa macho. Ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Midomo ya madumu ya huku ina usalama wa watoto, na kwa kawaida usalama huo huwashinda watu wazima. Kijana mmoja kwenye kundi letu akavua glovu ili afungue vizuri. Petroli ikamchuruzikia kwenye vidole vitatu. Mtu angefikiri ni majimaji tu, atafuta. Lakini petroli haigandi kwa baridi ile. Nayo ina nyuzi 25 chini ya sifuri kama dumu lake, na inapoyeyuka hewani inazidi kunyonya joto la ngozi. Vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa kabla hajamaliza kutukana. Mtanga wetu akamfungulia koti na kumsukumia mkono makwapani, kimya, kama mtu aliyeshafanya hivyo mara nyingi. Wewe vua glovu zote mbili.

Mlimani penyewe pana mchezo mmoja tu unaostahili: kupanda mteremko mkali kuona nani ataacha alama ya juu kabisa. Chagua mteremko wa nyuzi 35 hadi 40, huo ndio unaoporomoka vizuri. Mmoja akinasa juu, mfuateni wote kumsaidia, mwongeze uzito. Waliobaki waegeshe chini, pale pale theluji itakapofikia, wakiwa wamezima injini na kupanga viti kama watazamaji wa ndondo. Mwezi Machi 2010, kwenye mlima wa Boulder hapo hapo Revelstoke, watu kama 200 walikusanyika kutazama mashindano yasiyo rasmi ya namna hiyo. Poromoko liliua wawili na kujeruhi wengine kwa makumi.

Na tarehe 28 Desemba 2008, karibu na Fernie, wanaume 11 wa mji mdogo wa Sparwood walikuwa mlimani na pikipiki zao. Poromoko likafukia saba. Wanne waliokuwa karibu wakaja kuchimba, kama inavyopasa, na poromoko la pili likawafukia nao. Waliorudi nyumbani ni watatu. Hapa sina kejeli ya kuweka.

Mashine yenyewe ina kisa. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa kijiji cha Valcourt huko Quebec, alikuwa akihangaika na magari ya theluji tangu ujana. Mwaka 1934 mwanawe wa miaka miwili aliugua tumbo, njia zikawa zimefungwa na theluji, hospitali isifikike, na mtoto akafa. Mwaka 1937 Bombardier alikuwa na hati ya ubunifu wa gari lake, na mwaka 1959 akatoa ile pikipiki ndogo ya Ski-Doo. Chombo kilichotengenezwa na baba aliyeshindwa kufika hospitali leo tunakitumia kutafuta sababu ya kupelekwa huko.

Asubuhi ya safari, pale mwanzo wa njia, mara nyingi utakuta kibao chenye kifaa kinachosikiliza bikoni. Mnapita mmoja mmoja. Yako ikisikika, kinakuonyesha alama kwamba uko sawa. Safari yangu ya pili kuna mgeni mmoja alipita, kimya. Akapita tena, kimya. Akacheka, akasema kibao kibovu, twendeni. Mtanga akazima injini, akashuka, akakaa kwenye theluji na kufungua chupa yake ya chai ya tangawizi. Hatukuondoka hadi jamaa akaenda mjini kukodi bikoni nyingine, na tulipoteza saa mbili za jua zuri.

Ukinialika nawe, nitakuja. Ila fungua begi lako kwanza, nilione beleshi langu.