Mangi Naye Yumo Kwenye Kundi

Ulinganishaji wa bei mtandaoni, yaani mazoea ya mnunuzi kutazama kwenye simu bei za bidhaa ileile katika maduka mbalimbali kabla hajatoa fedha mfukoni, husifiwa na wanauchumi kwa sababu hupunguza gharama ya kutafuta, ambayo ni jumla ya muda, nauli na jasho la mtu anayezunguka akiulizia. Nadharia hiyo ni nzuri, isipokuwa haikuifikiria foleni ya magari ya Tabata, jijini Dar es Salaam.

Jumia, iliyokuwa ikiuza bidhaa mtandaoni, iliondoka Tanzania Novemba 2019, na supamaketi za kigeni zilikwisha kutangulia: Shoprite iliiuzia Nakumatt maduka yake mwaka 2014, Uchumi ikafunga mwaka uliofuata, kisha Nakumatt yenyewe ikaporomoka. Huko Segerea, jirani na Tabata, kazi ya kulinganisha imeangukia kundi la WhatsApp la mtaa, ambamo picha ya bei iliyopigwa rafuni huingia kati ya tangazo la msiba na malalamiko ya maji kukatika. Picha hiyo haina tarehe. Mkazi anayeona kwamba sukari imeshuka kwa shilingi 200 mjini hupanda daladala, hufika akakuta bei imekwisha kupanda, na kwa kuwa ni aibu kutoka supamaketi mikono mitupu baada ya safari kama hiyo, hununua biskuti, dawa ya mbu na ndoo ya plastiki ambayo hakuna aliyemtuma, kisha hurudi kwa bajaji kwa sababu konda wa jioni hataki kusikia habari za ndoo. Akipiga hesabu, jambo ambalo wengi hulikwepa kwa busara, hugundua kwamba sukari yake imekuwa ghali kuliko asali.

Wapo pia wanaolinganisha chupa ya mafuta ya mililita 900 na ya lita moja, na wanaobishana hadi usiku kama mchele unaoitwa wa Kyela umewahi kweli kufika Kyela. Mafuta ya kupima, ambayo ndiyo hununuliwa na nyumba nyingi, hayamo katika programu yoyote ya simu. Na anayethubutu kumwonyesha picha ya bei Mangi, kama wakazi wa Dar es Salaam wanavyomwita mwenye duka la mtaani bila kuuliza kabila lake, huonyeshwa daftari la madeni, hati ambayo supamaketi haina na ambayo humaliza mjadala wa ushindani papo hapo.

Kundi husahau kwamba Mangi naye ni mwanachama. Uwazi wa bei, yaani hali ya bei za wote kuonekana na wote, humfikia muuzaji kama unavyomfikia mnunuzi, na mara nyingi muuzaji ndiye huamka mapema. Mwaka 1993 mamlaka ya ushindani ya Denmark ilianza kutangaza bei halisi za zege lililochanganywa tayari, ikitumaini kwamba zingeshuka. Wauzaji, ambao walikuwa wachache, wakasomana, wakaacha kuwapunguzia wateja kwa siri, na ndani ya mwaka mmoja bei zikapanda kwa asilimia 15 hadi 20. Israeli ilipozilazimisha supamaketi kubwa kuweka bei zote mtandaoni mwaka 2015, matokeo yalikuwa kinyume: watafiti Itai Ater na Oren Rigbi walikuta bei zimeshuka kwa asilimia 4 hadi 5, hasa kwa kuwa vyombo vya habari vilizichambua na kuzitangaza.

Segerea, yenye maduka machache ambayo mtu aweza kuyafikia kwa miguu, inaelekea zaidi upande wa Denmark. Ikitua picha kwamba trei ya mayai imepanda mtaa jirani wa Kimanga, yai la Segerea nalo hupanda kabla ya chai ya asubuhi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hukataza wafanyabiashara kupatana bei, na Tume ya Ushindani ina uwezo wa kuwaadhibu, lakini kusoma simu si kosa.

Mkazi anayetaka kulinganisha na alinganishe vitu vya bei kubwa visivyobadilika kutoka duka hadi duka, kama gesi ya mtungi, unga wa kilo 25 na maziwa ya kopo ya mtoto, apige simu kuuliza kabla hajapanda daladala, na akipata bei nzuri asiipeleke kundini mpaka amekwisha kununua.