Kila Kitu Kinakatwa Ila Tawi

Nyuma ya nyumba yangu kuna mwembe, na tawi lake moja limelalia bati la jiko. Kusi ikivuma, linakwaruza usiku kucha kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. Mwezi mzima nimetafuta mtu wa kulikata, nisimpate. Na hapa ni Kata ya Makurunge!

Aliyenichokoza ni mjukuu wangu. Kaja na daftari: "Babu, mwalimu kasema Waingereza wana neno lao la kukata, herufi tatu tu, maana zake hazihesabiki." Nikacheka. Neno lenyewe ulitie a mwishoni tu, umeshafika nyumbani. Maana zao waje nazo, sisi tutawatolea za siku moja.

Asubuhi ile nilipanda Kosta kwenda Bagamoyo mjini kusaka kijana wa panga. Konda akapita anakata tiketi. Tiketi sikuiona, nilichoona ni mkono na hela yangu ikiondoka. Dereva akakata kona nusura nikalie kapu la dagaa la mama wa watu. Mjini nikakata mitaa na jua lile, halafu nikakata kiu kwa dafu. Hilo, nisiseme uongo, lilikatwa kweli: mapigo matatu, hata tone halikumwagika. Nikamsihi muuzaji aje kwangu na panga lake. Akasema yeye ni mtu wa madafu, miembe haijui.

Kijana nikampata jioni. "Shikamoo mzee." Marahaba. Tukakata maneno: elfu kumi, nusu atangulie nayo. "Lakini mzee, utume na ya kutolea." Kwani simu nayo si ina makato yake? Inakukata ukituma, inamkata mwenzio akitoa.

Kesho yake hakutokea. Nikapiga, akakata. Nikapiga tena, akapokea, mtandao ukakata. Mara ya tatu akaniambia yuko msibani, jirani yao kakata roho alfajiri. Nikampa pole. Ila nyuma ya sauti yake nikasikia mdundiko, na wanawake wanapiga vigelegele, wanamhimiza mtu azidi kukata kiuno. "Usikate tamaa, mzee," akasema. Hapo ndipo aliponikata stimu kabisa.

Karne ya 19, Padri Charles Sacleux, Mfaransa wa misheni ya hapa Bagamoyo, alikuwa akiokota maneno ya Kiswahili kama mtu anayeokota korosho. Kamusi yake ikaanza kuchapwa Paris mwaka 1939. Kukata stimu naamini hakukukuta. Ila hata bila hiyo, nauonea huruma ukurasa wake wa K.

Na si kwamba siku hizi hakuna anayekata kwa makali. Ardhi ile iliyokuwa Razaba, ranchi ya Zanzibar huku kwetu, sasa ina mashamba ya miwa, na muwa hauvunwi kwa kupiga simu.

Mama watoto nilimkuta anajitwisha ndoo, anasokota kanga iwe kata ya kichwani. Nikaanza kumweleza: mama yake alichota maji mtungini kwa kata ya kifuu, yeye anaibeba ndoo kwa kata ya kanga, na wote wawili wako katani... Akasema nisimkatishe njia, maharage yapo motoni.

Basi nikakata kauli: nitapanda mwenyewe. Akageuka na ndoo yake kichwani, haikutikisika. "Kauli ipi, baba? Ile ya mtu aliyeamua, au ile ya mgonjwa asiyeweza tena kusema? Maana kwa magoti hayo, juu ya mwembe, ya kwanza itakuletea ya pili."

Nikakaa.

Alhamisi kijana akaja, siamini macho yangu, panga begani. Akauzunguka mwembe mara mbili. Akatazama tawi, akatazama bati, akavua viatu akaviweka vizuri ukutani. Mjukuu akatoka na daftari lake kuja kushuhudia. Kijana akapitisha kidole gumba kwenye makali, polepole, toka mpinini mpaka nchani, akatikisa kichwa.

"Mzee," akasema, "panga lenyewe halikati."