Sifa za Tuta la Mfereji

Mpanda ina mengi ya kujivunia. Ina reli iliyovutwa kutoka Kaliua zama za Mwingereza kufuata madini ya risasi, ina lami iliyokuja kutoka Tabora baada ya kungojwa hadi waliokuwa wakiingoja wakaota mvi, na tangu Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 ina hadhi ya makao makuu ya mkoa. Vyote hivyo vimepata hotuba na mawe ya msingi. Tuta la mfereji wa mpunga halijakatiwa utepe na mtu yeyote. Najitolea kulisemea, bila posho.

Nasema tuta, si mfereji. Mfereji una wenyewe: una banio, una malango, una kamati na daftari la zamu za maji. Tuta ni ule udongo uliochotwa shimoni ukatupwa kando kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kuupeleka. Limezaliwa taka. Taka hiyo ndiyo inayoyashika maji yasimwagike, ndiyo barabara ya baiskeli na ng'ombe, ndiyo kitanda cha aliyechelewa kutoka kilabuni, na ikifika Julai ndiyo matembezi bora kuliko yote katika bonde la Mwamkulu.

Nasisitiza Julai. Masika tuta ni utelezi mtupu, na anayelipita amelazimika. Lakini kipupwe kikiingia, watu wanashinda na makoti ya mtumba hadi jua likolee, mpunga umeshavunwa, majaruba yamebaki mabua, na vijana wanapiga miganda juu ya maturubai huku makapi yakiwarukia hadi kwenye kope. Vumbi la tuta wakati huo ni laini kama unga wa muhogo. Linaingia kwenye makatambuga, linapanda hadi magotini na kumfanya mtendaji wa kijiji afanane na mchunga ng'ombe wake. Mbigili nazo hazibagui cheo. Sijaona chombo kingine cha serikali kinachotekeleza usawa kwa bidii namna hiyo.

Upana wake ni wa mtu mmoja na ubishi kidogo. Wawili wakikutana, mmoja hushuka jarubani, na sheria ya nani ashuke haijaandikwa popote ila inajulikana. Mwenye mzigo hapishi. Mama mwenye kiroba kichwani hapishi, anayesukuma baiskeli yenye gunia mbili hapishi, ng'ombe hajui habari ya kupisha. Mwenye mikono mitupu anashuka, hata awe na kitambulisho cha ofisi shingoni. Prado haimo katika sheria hii, maana haipandi. Mwenye Prado huiacha barabarani, akaja kwa miguu kama sisi, akasalimia watu.

Kamati hulalamika kwamba tuta linavuja. Kweli linavuja: panya wamelitoboa, kwato zimelimega, na usiku kuna majembe yanayojua pa kuligusa. Lakini tazama chini ya kila tundu. Hapa matembele, pale mchicha, mbele kidogo mashina ya miwa. Kamati huita upotevu wa maji. Mama mwenye matembele huita riziki, na mboga yake ndiyo inayoliwa na kamati mchana. Wapo pia wanaolitaja tuta katika habari ya konokono wa kichocho. Hapo tuwe waungwana. Konokono wako majini, na tuta ndilo linalokuvusha bila kulowa. Aliyeteremka kuoga kajipeleka mwenyewe.

Sifa zangu zina mpaka, nao ni banio. Mto Katuma unaolisha mashamba ya bonde hili ndio unaoingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ukapita Ziwa Katavi na Ziwa Chada. Kiangazi viboko wanarundikana huko kwa mamia katika madimbwi yaliyobaki, wengine matope hadi puani. Kila anayeziba mto huku juu ana la kujibu kwa viboko wale. Watalii nao hulipa dola kwenda kutazama matope yale. Tuta huonyesha yake bure.

Uingereza wana tuta la namna yao. Mfereji wa Bridgewater ulipofunguliwa mwaka 1761 kupeleka makaa ya mawe Manchester, kando yake palikuwa na njia ya farasi wa kuvuta mashua. Mifereji ya namna hiyo ikaenea nchini. Farasi wamekwisha, njia zimebaki, na katika baridi yao kali watu huvaa mabuti wakazitembea hadi kwenye baa, wala hakuna anayewauliza kulikoni. Kwetu, ukipita juu ya tuta huna jembe wala ndoo, utaulizwa kabla hujafika lango la pili unakwenda wapi. Jibu la "natembea tu" halipokelewi. Utashukiwa umekuja kupima mashamba ya watu. Sema "kilabuni", na uso wa muulizaji utafunguka hapohapo.

Na kweli tuta linafika kilabuni. Mchoraji wa skimu hakulikusudia hilo, ila miguu ya watu imelinyoosha kuelekea kwenye paa la nyasi na mabenchi ya mbao ambazo hazijapigwa randa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Umepitia tutani?" Hajibiwi, ametazama miguu. Jagi la wanzuki linawekwa, asali yake ya upande wa Inyonga, na povu likitulia kuna nyuki mmoja juu, anaondolewa kwa kidole. Mgebuka wa kukaanga unafuata. Waliokuja kwa bodaboda wanahudumiwa pia, lakini hawasogezewi benchi la kivulini.

Kwa hiyo, ndugu mhandisi, siku utakapokuja kusakafia mfereji kwa zege, sakafia, maji yanastahili. Tuta liache udongo. Likikulazimu kuligusa, lipitike baiskeli yenye gunia mbili, na tafadhali usiweke geti.