Lumbesa ya Kompyuta
Kule Kibaigwa, kwenye soko la kimataifa la mahindi, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni marufuku. Ndani ya kompyuta za steshenari za jirani, ruksa. Nafasi za vijiti vya kumbukumbu (RAM) si ziko nne? Basi zote zijazwe, mteja aone! Kumbe bodi mama ya kawaida ina njia mbili tu za kumbukumbu. Vijiti viwili pacha, kila kimoja na njia yake, vinatosha. Kwa RAM ya aina ya DDR5, ukipachika vinne mara nyingi mwendo hushuka. Fundi wetu bingwa kajaza GB 16, kisha kaweka Windows ya biti 32, isiyoona zaidi ya GB 4. Zilizobaki, nadhani, ni walinzi wa usiku. Kompyuta ikikwama, mkulima anayesubiri kuchapiwa barua ya mkopo anaambiwa mtandao unasumbua.