Panda, Shuka, Usichoke

Victor Moses alipotua Chelsea mwaka 2012 akitokea Wigan, alikuwa winga. Kazi yake ilikuwa kupiga chenga na kuusubiri mpira. Baada ya msimu mmoja akaanza kuazimwa kama ngazi ya jirani: Liverpool wakamchukua, kisha Stoke, kisha West Ham.

Septemba 24, 2016, Arsenal waliitandika Chelsea 3-0. Kocha wa Chelsea, Antonio Conte, akavunja safu ya mabeki wanne mechi ikiwa bado inaendelea, na walipokutana na Hull Oktoba 1 akawasimamisha mabeki watatu wa kati tangu mwanzo: Azpilicueta, David Luiz na Cahill. Kushoto akampanga Marcos Alonso. Kulia je? Moses, yule yule wa kuazimwa. Chelsea wakashinda mechi 13 za ligi mfululizo, na mwisho wa msimu wakabeba ubingwa kwa pointi 93.

Ukiuchora ubaoni, mfumo huu ni mtamu. Adui akija na washambuliaji wawili, wewe una mabeki watatu, mmoja ni wa akiba. Mpira ukiwa kwako ni 3-4-3. Ukipotea, wale wa pembeni wanarudi na mnakuwa watano nyuma. Kilichofichwa ubaoni ni nani anayelipa gharama. Wingibeki ni beki na winga kwa mshahara wa mtu mmoja. Krosi isipofika, kosa lake. Pasi ndefu ikidondoka mgongoni mwake, kosa lake tena, hata kama alikuwa kule mbele kwa amri ya kocha.

Basi mfumo ukashuka mpaka uswahilini. Kocha wa timu moja ya ndondo jijini Dar es Salaam aliuona kwenye kibanda umiza, akaupanga kwa visoda juu ya ubao wa drafti, na Jumapili akamwita winga wake wa kulia. Maelekezo yalikuwa mafupi: "Panda, shuka." Kijana akauliza atapumzika saa ngapi. Kocha akamwambia Moses hakuuliza.

Kabla ya mapumziko kijana alikuwa ameshika magoti katikati ya vumbi, mashabiki wakimpigia kelele ashuke na kocha akimpigia kelele apande. Lakini bao halikupita kwake. Mpira mrefu ulidondoka katikati ya mabeki watatu, kila mmoja akapaza sauti: "Wako huo!" Wote watatu wakauachia kwa heshima kubwa. Mshambuliaji wa wapinzani, ambaye hakuwa na adabu hizo, akaumalizia wavuni. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Moses naye hakusalimika. Kocha wa Arsenal, Arsène Wenger, aliyekuwa hajagusa mabeki watatu kwa takriban miaka 20, aliuiga mfumo huo Aprili 2017. Fainali ya Kombe la FA, Mei 27, akampanga katikati Per Mertesacker, ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja msimu ule. Mertesacker akacheza kama mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo tu. Moses akajiangusha kwenye boksi akitafuta penalti, akapata kadi ya pili ya njano badala yake. Arsenal 2, Chelsea 1.

Hata hivyo wapo wanaoupenda mfumo huu kuliko unavyowapenda wao. Agosti 27, 2025, Manchester United ya Ruben Amorim ilikwenda Grimsby, timu ya daraja la nne, ikiwa na mabeki wake watatu. Kufikia dakika ya 30 ilikuwa nyuma 2-0. Kamera zikamnasa Amorim kwenye benchi, mvua ikinyesha, akisogezasogeza vile vidude vya ubao wa mbinu. United wakasawazisha dakika za mwisho, wakatolewa kwa penalti 12-11. Bryan Mbeumo aligonga mwamba.

Wiki chache baadaye, baada ya kufungwa 3-0 na Manchester City, Amorim aliwaambia waandishi kwamba hata Papa hawezi kumfanya abadilishe mfumo. Kwa bahati yake, Papa wa wakati huo, Leo wa 14, ni mpenzi wa tenisi, mchezo usio na beki wa kati hata mmoja.