Mita ya Elfu Kumi na Tano

Honi ya gari langu ilikufa Mapinga. Mbele ya ng'ombe. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Ng'ombe akaniangalia, akaona si mtu wa maana, akaendelea kuvuka taratibu. Sasa jirani, barabara yetu hii ya Bagamoyo unaijua. Bila honi hufiki. Kuanzia Kerege mpaka Kiromo nimekuja kichwa nje ya dirisha, napiga kelele, "Oyaa! Boda! Oyaaa!" Nafika nyumbani sauti imekauka, mama watoto ananiuliza nilikuwa mpirani?

Mwenye akili zake angeenda kwa fundi. Mimi mwaka jana fundi alinibadilishia fyuzi moja ya jero, akanidai elfu kumi na tano. Hata chai yake haikupoa. Iliniuma ile. Nikaapa. Nikaenda Kariakoo nikanunua mita yangu mwenyewe. Ya njano, ina skrini, ina nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Bei yake elfu kumi na tano. Usinipigie hesabu, najua.

Jumamosi nikaegesha chini ya mwembe, nikafungua boneti. Kosa. Huku kwetu boneti ikifunguka ni kama umepiga ngoma. Wakaja wazee wa bao, wakaja watoto, akaja muuza kahawa na birika lake. Nami nikiona watu, mdomo haukai. Nikaanza kujimwambafai. "Hii inaitwa mita. Inapima umeme." Hapo ndipo elimu yangu iliishia.

Chini ya mita kuna matundu matatu. Moja limeandikwa COM. La pili lina V na kialama kama mlango wa msikiti uliochorwa na mtoto. La tatu 10A. Nikatazama fyuzi ya honi, mgongoni imeandikwa 10. Wewe ungefanyaje? Kumi na kumi! Nikachomeka waya mwekundu humo. Mweusi kwenye COM. Swichi nikaizungusha hadi volti 20, kama alivyofanya kijana mmoja wa YouTube. Mweusi nikaugusisha bodi ya gari, mwekundu kwenye kile kichuma kinachochungulia mgongoni mwa fyuzi.

Tsii! Cheche. Skrini inasema sifuri.

"Imekufa hii," nikatangaza. Nikahamia ya pili. Tsii! Sifuri. "Nayo imekufa." Ya tatu, tsii. Mkononi waya unapata moto, nikajua ndiyo kazi inaendelea. Nikafika ya tano. Muuza kahawa akauliza kwa adabu, "Mzee, hili gari ulikuja nalo likitembea?"

Nikamwambia ni kutu. Nikawapa na hotuba. Chumvi ya bahari hii mchezo? Tuna mashamba ya chumvi pale Nunge, tuna chumvi hewani, chuma gani kitapona? Nikawaambia hata Wajerumani mwaka 1891 walihamishia makao makuu yao Dar kutoka hapa Bagamoyo. Vitabu vinasema bandari yetu ina kina kifupi. Mimi nasema kutu. Mzee mmoja akarudi kwenye bao lake.

Akapita fundi. Yule yule wa jero. "Shikamoo mzee." Akachukua mita, akatazama matundu, akanitazama mimi, akatazama matundu. Angecheka ningepona. Hakucheka.

"Mzee, tundu hili la kupimia ampia. Ndani yake ni kama kipande cha waya tu. Ukigusa hivi, umeme unapita kwenye fyuzi unashuka moja kwa moja kwenye bodi. Fyuzi inakatika. Ndiyo kazi yake."

Yaani zile fyuzi zilikuwa nzima. Nilikuwa naua, halafu natangaza msiba. Tena eti nimshukuru Mungu nimegusa upande wa kutokea umeme. Ningegusa wa kuingilia ningeondoka na fyuzi kubwa. Mtu anapata bahati mara tano mfululizo, na bahati yenyewe ndiyo hii.

Akahamishia waya mwekundu kwenye mlango wa msikiti. Fyuzi nzima, volti kumi na mbili na ushee pande zote mbili. Iliyokatika, upande mmoja kumi na mbili, wa pili sifuri. Zote sifuri, umeme haujafika hapo, huenda hata swichi hujawasha. Akamwachia muuza kahawa ajaribu. Akapatia mara ya kwanza! Birika mkono mmoja!

Zikawekwa fyuzi tano mpya, nyekundu za 10, bluu za 15. Honi? Kimya. Fundi akainama kwenye bampa, akafungua bolti iliyoshika honi, imeoza kutu. Akasugua kwa msasa, akakaza. PEEEE!

"Si nilisema kutu?" Nikapiga kelele. "Si nilisema?" Hakuna aliyekuwa ananisikiliza, wanampongeza fundi.

Fyuzi tano elfu mbili na mia tano. Ufundi elfu kumi na tano, hapunguzi. Mita anakaa nayo muuza kahawa, aliiazima siku ile ile. Jana nimepita nikakuta watu wawili wamempelekea bodaboda aitazame. Nikapiga honi kidogo, kuwasalimia. Akageuka yeye peke yake. Akaniangalia kama yule ng'ombe, akaendelea kupima.