Shimo Lenye Maji Halina Kesi

Gari la upimaji limepita mtaani, juu limevaa leza inayozunguka kama kilemba chenye wasiwasi. Kila sekunde hurusha mamia ya maelfu ya mapigo ya mwanga, hupima muda wa kwenda na kurudi, na umbali hupatikana bila kukosea zaidi ya sentimita chache. Nguzo, ukuta, hata kamba ya kuanikia nguo: vyote ramanini. Ila dimbwi! Mwanga huo haupatani na maji. Humezwa au huteleza pembeni, na kwenye data mara nyingi panabaki patupu. Basi mkandarasi wa barabara aombe masika yasikatike. Kina cha mashimo ataendelea kukipima dereva wa bodaboda, kwa goti, tena bila malipo.